Ukuta Mkavu

Tarehe 6 Februari

Kwa binti yangu mkubwa, mpendwa,

Pokea salamu za baba yako, nyingi kuliko njia iliyo kati yetu. Natumaini zitakukuta u mzima wa mwili na moyo, na kwamba wazazi unaowapokelea watoto huko ugenini wanaendelea vema chini ya mikono yako. Ukiuliza hali yangu, nashukuru. Magoti huamka kabla yangu na kuanza kulalamika, lakini hiyo ni haki ya umri.

Kabla ya jambo lolote naomba radhi. Barua yako ya Desemba niliipokea, nikaisoma, nikaikunja, wala sikuijibu. Walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba barua isiyojibiwa ni mgeni aliyeachwa mlangoni, nami nimekuacha mlangoni tangu mwaka jana. Haikuwa dharau. Nilikuwa nikingoja habari njema ya kuandika, nikaona si adabu kukufungulia mwaka kwa habari mbaya. Sasa naona njema haina haraka, basi naandika hii iliyopo.

Mdogo wako, Chiriku wetu, amevunjika mkono. Hakuanguka. Alikuwa akikamua shuka na mwanawe Sindano, mmoja upande huu na mwingine upande ule, akasikia kitu kikilia kama kijiti kikavu. Mwaka jana zilikuwa mbavu, alipoinua cherehani kufagia chini yake. Mtu aliyemfunga plasta alitazama picha ya mfupa, akasema mfupa ule ni wa bibi wa miaka themanini. Chiriku akamjibu kwamba huyo bibi na aje upesi wabadilishane, maana yeye ana sare za shule nzima za kushona.

Hata hivyo uchiriku wenyewe umepungua, na hilo ndilo linalonitisha. Hunywa maji kutwa na kiu haimwishi. Tumbo limefunga, chakula hakikai. Hushona mkono wa kushoto wa shati, akageuka akashona wa kushoto mwingine, kisha akakaa akiyatazama makosa yake kama mtu anayetazama nguo za jirani. Juma lililopita maumivu ya ubavuni yalimshika hata akatambaa sakafuni, mpaka alipokojoa kijiwe mfano wa punje ya mchanga. Nawe uliandika kwamba mgongo unakusumbua. Pole sana, nadhani ni kuinamia vitanda vya wazazi.

Kwenye zahanati wamempa vidonge vikubwa vyeupe vya kalsiamu, wakasema ndiyo chokaa ya mifupa. Hapo nilifurahi, kwa kuwa hatimaye nilielewa jambo la kitabibu. Mimi niliyezeeka mbele ya tanuri la chokaa sijapata kuona ukuta uliodhurika kwa kuongezewa chokaa. Nikamwongezea na maziwa, asubuhi na jioni. Lakini kadiri anavyomeza ndivyo anavyozidi kusinzia. Mama yenu alivunjika paja kwa kushuka kitandani tu, unakumbuka, wala hakuinuka tena. Nikifika hapo huacha kukumbuka.

Wajua kwamba tangu alipotutoka, nyumba hii haimezi dawa nzito bila neno lako. Basi tunangoja neno lako.

Barua hii ataifikisha posta dereva wa lori la kiwanda, ambaye bado ananiita msimamizi ingawa nilistaafu.

Ndimi, kwa upendo na samahani,
Baba yako


Tarehe 21 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini magoti yanakuacha ulale. Mimi mzima, baridi tu na zamu zisizoisha. Juzi nimepokea mapacha, wa pili akaja na ngumi mbele kama mtu anayedai haki yake.

Baba, acheni vile vidonge leo. Na maziwa pia.

Si kosa lako, kwa hiyo usianze kuomba radhi. Ngoja nikueleze kwa lugha ya kiwandani. Mfupa si jiwe, Baba, mfupa ni ghala. Ndani yake kuna kalsiamu na mwenzake anaitwa fosfeti, wamefungwa gunia moja, na kutwa nzima magunia yanaingia na kutoka. Damu nayo inataka kalsiamu kiasi chake, isizidi isipungue, kwa sababu moyo na misuli na akili haviendi bila hiyo. Sasa shingoni, nyuma ya ile tezi kubwa ya koo, kuna vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Kazi yao ni kuionja damu. Vikiona kalsiamu imepungua vinatoa homoni. Homoni inafika ghalani inasema: toeni. Inafika kwenye figo inasema: kalsiamu ishikeni, fosfeti mwageni nje. Damu ikitosheka, vitezi vinanyamaza, ghala linafungwa.

Unamkumbuka Filimbi, bawabu wenu? Ile siku ya mapumziko alipolewa akapuliza filimbi ya kupakia, na madereva kwa ujinga wao wakapakia? Ghala likabaki vumbi, na barabara nzima ikawa nyeupe mpaka sokoni. Nadhani shingoni mwa Chiriku kuna Filimbi. Kitezi kimoja kimevimba na kinapuliza bila kupumzika. Ghala linakwisha, ndiyo maana mifupa inalia kama vijiti. Barabara imejaa, ndiyo maana ana kiu, ana vijiwe, anasahau upande wa shati. Nanyi mmekuwa mkimwaga chokaa zaidi barabarani mkidhani mnajaza ghala.

Mpelekeni hospitali kubwa, sio zahanati. Wampime damu: kalsiamu, fosfeti na hiyo homoni. Nadhani watakuta kalsiamu iko juu na fosfeti chini. Ikiwa hivyo, dawa yake ni kisu, na ni kisu chepesi kwa mtu anayekijua.

Na Baba, nakujua. Ukipewa kitu na mtu mwenye koti jeupe unakipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Kwa hiyo naandika wazi, unisamehe ukali wangu: asimeze tena kidonge cha kalsiamu kutoka kwa mtu yeyote, hata akiwa daktari, mpaka mimi mwenyewe niandike.

Mwambie Chiriku asijione mtu maarufu, anasumbuliwa na punje ya mchele. Mwambie pia nampenda, lakini hilo mwambie akiwa amelala, asije akalitumia dhidi yangu. Mgongo wangu usikutie wasiwasi, umezeeka kabla ya mwenyewe.

Mwanao,
Binti yako mkubwa


Tarehe 2 Mei

Kwa binti yangu mkubwa, mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa furaha, na nakuombea afya iliyo timamu. Sisi sote watatu tupo, na safari hii naweza kuandika neno "hatujambo" bila kuona haya.

Naomba radhi kwa kimya cha majuma mengi. Safari ya kwenda hospitali kubwa, foleni zake, kurudi, kwenda tena, vyote vilinila siku na nguvu. Nami sikutaka kukuandikia nusu ya habari.

Ulichokisema kimekuwa kama ulivyokisema. Damu ilipimwa; kalsiamu ilikuwa juu sana, fosfeti chini, na homoni ile imepita kiasi. Daktari mpasuaji ni kijana mpole, mwenye sauti ya chini. Alinionyesha kwa kidole, juu ya shingo yake mwenyewe, mahali alipodhani Filimbi amejificha, na kweli akamkuta hapo, si punje ya mchele tena bali haragwe zima. Chiriku alipozinduka aliomba apewe huyo Filimbi ndani ya chupa, amweke dirishani, awe anamwonyesha Sindano kila akifanya ukorofi. Daktari alicheka mpaka akakaa kitandani kwa mgonjwa. Nilipomsikia mwanangu akimtania daktari nilitoka nje, nikasimama kwenye ukuta wa kufulia, nikashukuru peke yangu.

Tumerudi nyumbani. Kiu imekwisha. Anakumbuka kulia na kushoto. Amekwisha nisahihisha mara kadhaa namna ya kukunja shuka.

Limebaki jambo moja dogo, ambalo naliweka mbele yako. Siku tuliporuhusiwa, daktari alitupa mfuko wa karatasi. Ndani yake mna vidonge vingi vya kalsiamu, vilevile vikubwa vyeupe, pamoja na vingine vidogo vya vitamini D, ambavyo alisema huisaidia kalsiamu kupenya kutoka tumboni. Akasema asikose hata siku moja. Nilisimama pale na kofia yangu mkononi. Nilitaka kumweleza kwamba binti yangu, ambaye ni mkunga, amekataza kalsiamu ya mtu yeyote mpaka aandike yeye. Nilitaka pia kumuuliza imekuwaje kitu kilichokuwa sumu mwezi uliopita kiwe dawa leo. Lakini nyuma yangu palikuwa na foleni mpaka uani, na mbele yangu alikuwa mtu aliyemponya mwanangu. Niliona ni kumvunjia heshima. Nikashukuru, nikapokea.

Wodini walikuwa wakimpa wenyewe, nasi hatukuuliza. Hapa nyumbani tumezungumza, mimi na Chiriku. Yeye anasema: Dada aliandika hata akiwa daktari, na Dada hajawahi kukosea ila siku aliponinyoa nywele. Kwa hiyo tangu turudi mfuko nimeuweka juu ya kabati, ukiwa umefungwa vilevile, mpaka tupate neno lako. Maziwa nayo hatumpi, tukifuata agizo.

Tangu jana anasema midomo inamwasha kama mtu aliyekula pilipili, na ncha za vidole zinamchoma. Jambo la kuchekesha lilitokea asubuhi hii akiwa kwenye cherehani. Vidole vya mkono wa kulia vilijikusanya vyenyewe, ncha kwa ncha, kidole gumba kikaingia katikati, kifundo kikainama, na mkono wote ukakakamaa namna ile. "Baba," akasema, "mkono wangu unaomba chumvi." Sindano akakimbia jikoni akamletea chumvi kweli, tukacheka. Baada ya kitambo ukakunjuka. Nadhani ni uchovu wa kukaa muda mrefu bila kushona.

Tafadhali tujibu kwa nafasi yako, usijisumbue.

Barua hii ataibeba dereva yuleyule. Lori lake liko gereji na amesema ataondoka juma likiisha. Sikupenda kumharakisha.

Ndimi,
Baba yako


Tarehe 13 Mei

Baba,

Barua yako nimeipata leo asubuhi mlangoni, nikaisomea mlangoni, na kabla ya kuandika hii nimekwenda posta nikatuma simu ya maandishi. Kama simu imefika na umefanya ilivyosema, basi hii isome taratibu. Kama haikufika, acha kusoma, panda kiti, shusha mfuko, mpe.

Mpe kalsiamu sasa hivi. Mpe na vile vidogo. Halafu mpeleke hospitali hata kama anacheka.

Mkono ule naujua, Baba. Ni mkono wangu wa kazi. Ndivyo sisi wakunga tunavyokusanya vidole tunapotaka kumfikia mtoto. Lakini mkono wa mtu ukijikusanya hivyo wenyewe, ni kwamba damu haina kalsiamu, na misuli imeanza kujikunja bila kuagizwa. Leo ni mkono. Kesho ni koo.

Niliandika kwa ajili ya siku zile za kabla ya kisu, sikufikiria siku za baada. Wewe umepaka chokaa maisha yako yote, kwa hiyo utanielewa mara moja: mifupa ya Chiriku ni ukuta mkavu. Filimbi ameondolewa, hakuna tena anayetoa magunia, na ukuta ule uliokaa bila kitu muda wote huo sasa unakunywa. Unakunywa kalsiamu, unakunywa na fosfeti, damu inabaki maji matupu. Vile vitezi vitatu vilivyobaki vilikuwa vimelala kwa sababu Filimbi alikuwa akifanya kazi ya wote, na havijaamka bado. Wewe mwenyewe ulitufundisha: ukuta mkavu hunywa mkono wa kwanza wote, wala huoni nyeupe, na fundi asiyejua anasema chokaa ni mbovu. Unapaka tena. Unapaka mpaka ushibe. Ndiyo kazi ya vile vidonge.

Usimngoje dereva. Usingoje jibu. Nenda ugonge mlango wa daktari, pita mbele ya foleni, watu wakikutukana waache watukane. Kosa adabu, Baba, mara hii moja tu.

Mwanao


Tarehe 4 Juni

Baba,

Simu yako niliipata. Nisamehe, sina salamu.

Niliomba ruhusa ya kuja, wakasema hakuna wa kushika zamu yangu. Kwa hiyo siku mliyomzika nilikuwa nampokea mtoto wa mtu. Wa kike. Alilia vizuri.

Nataka unijibu jambo moja. Simu yangu ilimkuta? Usinilinde, Baba. Mimi ndiye niliyeandika "hata akiwa daktari". Nilijiona hodari nilipoandika. Nakumbuka hata kalamu niliyotumia.

Sasa niko kitandani siku ya tatu, si kwa huzuni tu. Ule mgongo umenishika tena, safari hii mpaka nikatapika, na maji nayanywa kama nimekula chumvi. Itapita, ni kulia sana.

Nani anamsuka Sindano?

Binti yako


Tarehe 19 Julai

Kwa binti yangu mkubwa, niliyebaki naye,

Nakusalimu, mwanangu, kwa salamu zote ambazo hukuweza kuziandika wewe. Nimeziandika mimi kwa ajili yetu sote wawili, ili zisipotee. Sindano hajambo. Mimi nipo.

Naomba radhi kwa kuchelewa. Nimeomba radhi nyingi maishani mwangu, nyingine kwa watu ambao hawakuwa na habari kwamba nimewakosea, na sasa ninapohitaji moja ya kweli naikuta imechakaa kwa kutumiwa. Pokea hiyohiyo.

Umeuliza, nami nakujibu. Simu yako haikumkuta. Tarishi aliileta tukitoka makaburini. Niliisoma nikiwa na udongo mikononi, nikamshukuru kwa kutembea jua lile, nikamkaribisha maji.

Ilitokea kabla ya adhuhuri. Siku zile mkono ulikuwa ukijikusanya mara kwa mara, kisha na miguu, naye akaendelea kututania, akisema anageuka kuku. Nilimwambia mara moja kwamba pengine twende kwa daktari. Akasema daktari ana foleni, na neno la Dada liko njiani, tusije tukaonekana wakaidi pande zote mbili. Tulielewana kwa sababu tulifanana. Asubuhi ile alikuwa akitia vifungo. Nikasikia sauti kama ya filimbi, nikadhani ni watoto barabarani. Ilikuwa pumzi yake ikitafuta njia kooni. Nilipanda kiti. Nilishusha mfuko, nikaponda vidonge kwa kisigino cha pasi, nikavikoroga kwa maji, lakini meno yalikuwa yamefungana na maji yale meupe yakamwagika shingoni, juu ya kovu. Jirani alileta gari. Daktari alimchoma sindano ya mshipa tulipofika, akafanya kila linalofanywa. Alifanya kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana, nadhani kwa ajili yangu.

Mwishoni mwa Juni nilirudi kwake. Sikupanga foleni. Nilipita mbele ya watu wote, wakanitukana kama ulivyosema, nikaingia, nikakaa bila kukaribishwa. Nikamweleza habari ya mfuko juu ya kabati.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kwa nini hukuniuliza, mzee?"

Nikasema, "Sikutaka kukusumbua, daktari."

Akaweka kalamu chini. "Kusumbuliwa ndiyo kazi yangu," akasema. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Barua yako ya ukuta mkavu ilikuwa imenifikia juma lililofuata mazishi. Niliisoma nikiwa nimeegemea ukuta wa uani, ule ambao mimi mwenyewe niliupaka mlipokuwa wadogo, ninyi wawili mkinishikia ndoo na kugombania brashi. Mwanangu, laiti lingenifikia mapema neno hilo moja tu. Laiti mtu yeyote angenitajia ukuta mkavu, nisingengoja hata kuvaa viatu. Nimesimama mbele ya kuta kavu tangu ujana. Nimewafukuza kazi vijana kwa kuacha mkono wa pili. Nao mmoja ulikuwa umekaa mbele yangu, ukishona, ukiomba chumvi, nami nikaweka chokaa juu ya kabati.

Kuhusu maneno yako yale, sikiliza, kwa maana sitayarudia. Uliandika kwa ajili ya hatari uliyoiona, na hatari hiyo ilikuwa ya kweli. Mimi ndiye niliyekuwa chumba kimoja na daktari, nikiwa na ulimi kinywani. Mtoto akikuuliza siku moja, mwambie ni Babu aliyeviweka juu. Ni kweli, na inatosha.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Siku ile sikutoka kwa daktari upesi. Nilimuuliza kila kitu. Nilimuuliza mpaka muuguzi akachungulia mara kadhaa mlangoni. Nilimtajia mama yenu na lile paja, na jinsi alivyokuwa akinywa maji katika miaka yake ya mwisho, na jinsi tulivyomtania kwamba amezaliwa samaki. Akaniuliza kama marehemu Chiriku alikuwa na ndugu. Nikasema anaye dada, mkunga, mwenye mgongo unaomsumbua. Akauliza mgongo wa namna gani. Nikatoa barua yako ya Juni, ambayo nilikuwa nayo mfukoni, nikamsomea.

Anasema pana jamaa ambazo Filimbi huzaliwa ndani yao, kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Si kila mtoto humrithi, lakini hakuna anayejua mpaka damu ionjwe. Akamtaka Sindano. Nilimleta kesho yake. Kalsiamu yake imekwisha anza kupanda. Si kwa kiasi cha kutisha, asema, bali kwa kiasi cha kuangaliwa kila mwaka, mahali penye vipimo visivyoharibika na watu wanaopatikana. Hapa mashine hufanya kazi mwezi, hulala miwili. Huko uliko hospitali iko ngazi chache kutoka unapolala, nawe umekuwa ukitibu wageni humo huku ukiubembeleza mgongo wako.

Maji unayoyanywa si ya machozi, mwanangu. Nenda ukapimwe. Wakikukuta naye, watamtoa. Na wakimtoa, watakupa vidonge vikubwa vyeupe. Vimeze siku hiyohiyo. Usimngoje mtu yeyote aandike.

Nimemfundisha mtoto sentensi moja ya kumwambia kila daktari atakayekutana naye: "Samahani, sijaelewa, nieleze tena." Kisha nikamwambia aiondoe ile samahani. Anaisema vizuri. Nywele nimekuwa nikimsuka mimi, vibaya. Amenivumilia kwa heshima kubwa mno, na hiyo heshima ndiyo ninayotaka umpunguzie. Mimi nabaki. Pana nyumba ya kuangalia na pana kaburi, na siku za mapumziko vijana wa tanuri hunijia kuniuliza mambo ya moto, nami huwajibu.

Nilikuandikia kwamba barua isiyojibiwa ni mgeni aliyeachwa mlangoni. Safari hii niache mlangoni. Usikae kunijibu, usitafute kalamu, usivue koti la kazi. Mshike mkono huyu aliyesimama mbele yako, mwende wote wawili, mtoe damu, ndipo mrudi mle.

Dereva atamfikisha mpaka stendi kubwa, na mama mmoja mwalimu, abiria mwenzake, ameahidi kukaa naye njia yote. Barua haiko mikononi mwao. Imeshonewa ndani ya gauni, upande wa kushoto, kwa cherehani ya mama yake, na aliyeishona ndiye anayeileta: Sindano.

Baba yako